Ufipa Nayo Inataka Kiyoyozi?

Leo nina hasira kidogo.

Oktoba iliyopita nilitoka kwetu Kasense asubuhi nimevaa sweta, kama kila mtu hapa Sumbawanga. Saa nane mchana nipo ghorofani, jengo jipya la vioo vya bluu, mkutano na waandishi. Umeme ukakatika, kiyoyozi kikanyamaza. Madirisha? Hayafunguki! Mheshimiwa akamaliza kusoma taarifa kisha akajipepea nayo.

Jamani, tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku unajifunika blanketi mbili. Mtu wa Dar namwelewa. Lakini sisi baridi tunapewa bure kila usiku, tunaifungia nje, halafu mchana tunanunua nyingine kwa umeme. Na umeme wenyewe kwa miaka mingi mji huu uliupata kutoka Zambia!

Nikiuliza naambiwa ndiyo usasa. Usasa upi? Mwaka 1996 Harare lilifunguliwa jengo la Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce wa Zimbabwe. Usiku feni huvuta hewa baridi ipite kwenye zege, mchana zege hilo ndilo linalopoza ofisi. Pearce huyo huyo akashiriki kusanifu Council House 2 la Melbourne, lililofunguliwa 2006. Kule madirisha hujifungua yenyewe usiku ili joto litoke, na mbao za upande wa magharibi hujigeuza kufuata jua. Dirisha linajua kazi yake!

Eastgate liliiga kichuguu. Sasa, wazee wetu Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, kwa udongo wa kichuguu: matundu chini, mdomo juu, moto ukavuta hewa wenyewe bila mtu kuvukuta. Wajukuu zao ndio tunashindwa kupitisha upepo ofisini?

Sidai mitambo ya Melbourne. Ikiharibika, fundi atatoka wapi? Nadai dirisha lenye bawaba, jingine ukuta wa pili linalotazamana nalo, na mlinzi wa zamu aambiwe ayafungue saa mbili usiku. Wezi? Nondo zipo. Mbu? Wavu upo. Na anayepitisha ramani ya jengo la kodi zetu aulizwe kwanza: umeme ukikatika, hewa inapita wapi?

Juzi nimepita tena pale. Wameleta jenereta.