Nani ajikaze, na kwa lugha gani?

Neno «résilience» limeingia katika mafunzo ya wafanyakazi wa Lubumbashi na Kolwezi. Mkufunzi anakuja na picha zake, anawagawanya watu kwa umri: kizazi X, kizazi Y, kizazi Z, kila kimoja na dawa yake. Sipingi mafunzo hayo. Mtu aliyeelemewa na kazi anahitaji kusikilizwa. Napinga mgawanyo wenyewe, na neno lenyewe pia.

Vizazi hivyo vilihesabiwa Marekani, kwa kufuata historia ya huko. Kwetu Katanga, mpaka kati ya wazee na vijana kazini ulichorwa na Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Aliyeajiriwa kabla ya anguko hilo alipata mshahara, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Kitabu cha Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu cha 2001 kinawaita, tangu kwenye jina lake, Bana Shaba walioachwa na baba yao. Halafu, kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa «hiari», uliogharamiwa na Benki ya Dunia, baada ya miezi mingi bila mshahara. (Juu ya neno hiari hapo mtu angeandika tasnifu nzima.) Watoto wao leo wengi wanafanya kazi chini ya mkandarasi, kwa mkataba mfupi. Baba na mwana wote wamechoka, ila kila mmoja kwa sababu yake: mmoja aliahidiwa maisha yote akaachwa, mwingine hakuahidiwa kitu.

Sasa tuje kwenye kazi yetu sisi wa Kitivo. Kamusi inatupa ustahimilivu. Mkufunzi akitaka kueleweka anasema «mujikaze». Tazameni sarufi yake: ji- inamrudishia mtendaji tendo lake mwenyewe. Mwajiri hayumo ndani ya kitenzi hicho, wala bei ya unga, wala zamu ya saa 12. Mwambie hivyo mzee aliyejikaza tangu 1990, atasikia tusi. Mwambie kijana, atasikia: usidai.

Lakini watu hao hao wana vitenzi vingine: kusaidiana, kushauriana, kupokezana. Likelemba inaendeshwa kwa -ana. Mafunzo yangeanzia hapo. Mzee na kijana wa timu moja wakae pamoja, kila mmoja aeleze kwa Kiswahili chake kinachomvunja moyo, na msimamizi awepo asikilize, maana baadhi ya majibu yako mikononi mwake: tarehe ya mshahara, muda wa mkataba, mapumziko.

Wenzetu wa mwaka wa mwisho wanaolalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha wapande basi hadi Kipushi, wakawaulize wazee na vijana wa huko uchovu wa kazi wanauitaje.