Mgeni Apewe Jembe

Siku hizi limekuwa jambo la kawaida kuona wanafunzi wa Ulaya na Marekani wakija nchini mwetu wakati wa likizo, si kutazama wanyama tu, bali kufanya kazi za kusaidia vijiji: kupaka rangi madarasa, kuchimba misingi, kupanda miti. Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu liliulizwa swali kama yafaa tupokee kundi la namna hiyo, lifanye kazi pamoja nasi hapa Saadani, kisha baadhi yetu tuende kwao. Wengine walisema ni elimu bora. Wengine walisema ni kupoteza fedha. Napenda kutoa maoni yangu.

Wanaopinga husema kwamba nauli ya mwanafunzi mmoja kutoka Uingereza yatosha kununua mifuko mingi ya saruji, na kwamba kijana asiyepata kushika mwiko hawezi kujenga ukuta ukasimama wima. Neno hili ni la kweli. Ikiwa tutakacho ni ukuta, na aajiriwe fundi wa hapa, naye apate riziki yake. Basi mtu asidhani kwamba mgeni wa majuma matatu amekuja kutuokoa. Amekuja kujifunza, nasi ndio walimu wake.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hii katika maandishi yake juu ya Ujamaa mwaka 1962. Lakini tazama ni nani atoaye jembe: ni mwenyeji. Mgeni hajichagulii shamba.

Na ya kufundisha tunayo. Kasa hupanda kutaga katika pwani ya Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa, na mayai yake hukaa mchangani yapata miezi miwili. Mgeni atakayeokota plastiki pwani hapo ataona taka zilizoletwa na bahari kutoka mbali, naye atafikiri juu ya zile za kwao. Hali kadhalika mikoko: mchu una mahali pake na mkandaa una pake, na apandaye pasipostahili amepoteza siku nzima. Elimu hiyo wanayo wavuvi wetu. Tena kijana wa Kijerumani na asikie papa hapa habari za Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889.

Lakini safari isiwe ya upande mmoja. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa mwaka 1903. Hakwenda mikono mitupu. Nasi tukienda, twende na la kutoa. Huko Ulaya wako wazee wengi wanaoishi peke yao. Na kijana aliyelelewa na bibi yake hana haja ya kufundishwa namna ya kukaa na mzee.

Kwa hiyo nasema tukubali, lakini kwa masharti manne. Kwanza, kazi ichaguliwe na kijiji na kuongozwa na fundi wa kijiji. Pili, wageni wajifunze Kiswahili kabla ya kuja, na si kile cha kuagizia chai tu. Tatu, kazi igawanywe sawasawa: kijana wetu asiwe mchukuzi wa mizigo, wala wadogo zetu wasiwe watu wa kupigwa picha. Nne, watakaokwenda ng'ambo wachaguliwe kwa bidii yao, si kwa mfuko wa baba. Mzazi asiuze shamba kwa ajili ya nauli.

Na fedha zisipotosha, tusikate tamaa. Ng'ambo si lazima iwe Ulaya. Ng'ambo ya kwanza ya Saadani ni Unguja, na majahazi yaliijua njia hiyo zamani sana. Tuanze na shule moja ya huko: wao waje kupanda mikoko nasi, nasi twende tukafanye kazi watakayotuchagulia. Tukishindwa kuwa wageni wema Unguja, Ulaya tutakwenda kutafuta nini? Wazazi wetu na walipime jambo hili kabla ya mkutano ujao.