Mstari wa Chini ya Ukurasa: Wachapishaji, Wauza Vitabu na Upofu wa Wahakiki juu ya Meru na Embu

Uhakiki wa fasihi ya Kenya una mazoea ya kuigawa nchi kana kwamba vipawa viligawanywa kwa kufuata mipaka ya wilaya. Pwani hupewa ushairi, Kiambu hupewa riwaya, nayo Meru na Embu huachiwa ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Mgawo huu hurudiwa tasnifu baada ya tasnifu, na ushahidi wake huwa ni orodha ya vitabu. Lakini mhakiki anayehesabu vitabu bila kuusoma mstari ulio chini ya ukurasa wa anwani, ule unaomtaja mchapishaji na mji wake, hajahesabu vipawa. Amehesabu maamuzi ya wachapishaji.

Linaloshangaza ni kwamba upofu huu umestawi katika idara ambazo kwa miaka mingi zimefundisha fasihi ya Kiingereza ya karne ya 18. Katika karne hiyo mstari wa chini kwa kawaida haukuficha neno: ulimtaja aliyepiga chapa, aliyegharimia, na mara nyingi duka ambamo kitabu kiliuzwa. Mwaka 1774, katika kesi ya Donaldson na Becket, Baraza la Malodi liliamua kwamba hakimiliki si ya milele. Mwaka 1777 John Bell akaanza kutoa mfululizo wa bei nafuu wa washairi wa Uingereza. Wauza vitabu wa London, walioziona kazi hizo kuwa mali yao, waliungana na kumwajiri Samuel Johnson aandike dibaji za mfululizo wao wenyewe. Washairi walikuwa 52, na karibu wote waliteuliwa na wauza vitabu; Johnson alipendekeza wachache tu. Dibaji hizo, zilizotoka kati ya 1779 na 1781, zimefundishwa kama hukumu ya mhakiki mkuu juu ya nani ni mshairi. Orodha yenyewe ilizaliwa dukani.

Kipimo hicho na kitumiwe nyumbani. Kitabu cha Bernardi juu ya Mugwe wa Wameru kilitolewa London mwaka 1959 na Oxford University Press kwa niaba ya International African Institute. Vitabu vya Mwaniki juu ya historia ya Embu na Mbeere, vya mwaka 1973 na 1974, vilitolewa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948 na ambalo halikunusurika kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Cha Fadiman juu ya Meru kilitoka California mwaka 1993. Oral Literature of the Embu and Mbeere cha Ciarunji Chesaina kilitolewa mwaka 1997 na East African Educational Publishers, kampuni ambayo ilipoitwa Heinemann Kenya ilikuwa imekwisha kutoa vitabu vya aina hiyo juu ya Wamaasai, Wagikuyu na Wakalenjin. Vitabu hivi vina thamani yake, na cha Chesaina ni hazina. Hata hivyo, kwa karibu miaka 40 wachapishaji walilitaka eneo hili jambo moja tu, nalo ni mila. Fasihi simulizi ilipoingia katika mitaala ya shule, mila zikapata na soko. Kisha anakuja mhakiki na kutangaza kwamba watu wa huko ni watu wa masimulizi!

Mwaka huohuo wa 1997 Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa Natala, tamthilia ya mjane anayekataa kurithiwa. Mwaka 2001 akatoa Kifo Kisimani. Mstari wa chini katika zote mbili ni Marimba Publications, chapa ya mwandishi mwenyewe. Katika semina jambo hili hutajwa kwa sauti ya chini, kama aibu ya familia: amejichapishia. Dharau hiyohiyo ilimpata David Maillu na Comb Books yake katika miaka ya 1970. Wanaodharau wangemkumbuka Laurence Sterne, kasisi wa Yorkshire. Dodsley wa London alipokataa kumlipa pauni 50, Sterne aligharimia mwenyewe juzuu mbili za kwanza za Tristram Shandy, zikapigwa chapa York mwishoni mwa 1759. Ukurasa wake wa anwani haukuwa na jina la mji wala la mwuza vitabu. Hakuna profesa anayeionea haya riwaya hiyo.

Yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya Marimba. Mwandishi anayejichapishia hana mhariri wa kumkatalia, na hili si dogo. Tena Kifo Kisimani haikuuepuka mkono wa wateuzi: ilienea kote nchini ilipoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari. Basi na wateuzi wahakikiwe. Nchini Kenya kamati ya vitabu teule inatenda kazi iliyotendwa na wauza vitabu wa Johnson, ya kuamua nani atasomwa na nani atasahauliwa, na tasnifu zinazoihoji ni chache mno zikilinganishwa na zile zinazochambua maudhui ya vitabu ilivyokwisha kuvichagua.

Aliyesahauliwa kabisa ni mwuza vitabu. Duka la vitabu la Meru au Embu liliishi kwa msimu wa Januari, kwa vitabu vya kiada na vitabu teule. Riwaya isiyotahiniwa ilikaa rafuni mpaka jua lififishe jalada. Kuanzia 2018 serikali ilinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, na msimu huo ukayeyuka. Michael Johnson, babake Samuel, aliuza vitabu katika mji mdogo wa Lichfield, na jina lake lilipigwa chapa katika vitabu alivyogharimia. Mwenzake wa Embu hatajwi katika mstari wowote, wala katika tasnifu yoyote miongoni mwa zile zinazolalamika kwamba Embu haisomi.