Harambee yenye mwenyewe

Wasee, mkichangia msimbo kwa mradi wa kampuni bila kusoma leseni na ule mkataba wa mchangiaji, mnajenga nyumba na hati iko kwa jina la mwingine.

Cheki Terraform. Ni programu ya kupanga seva: unaandika unachotaka, inakujengea. HashiCorp waliitoa 2014 ikiwa huria, kwa leseni ya MPL: tumia, rekebisha, hata uza. Watu wakaingia. Wengi walirekebisha makosa, wakaandika maelezo, wakafundishana YouTube, bila kulipwa hata bob. Halafu Agosti 2023 kampuni ikasema matoleo yajayo ni ya BSL. Ukitaka kuuza huduma inayoshindana nao, imekula kwako. Hawakuhitaji kuuliza mchangiaji yeyote; mkataba ulishawapa ruhusa.

Ati kisheria hawajakosea. Sawa. Matoleo ya zamani yalibaki huria, na kila toleo jipya linarudi MPL baada ya miaka 4. Miaka 4 kwa teknolojia, buda! Hiyo ni kupewa chapo imeshaota ukungu.

Kuna wa kuniambia kampuni pia lazima ile, na majitu ya wingu huvuna bila kupanda. Hapo wako na pointi. Lakini AGPL iko tangu 2007, na inamlazimu anayetoa huduma mtandaoni afungue marekebisho yake. BSL haimwambii mtu arudishe chochote. Inamwambia asishindane, basi. Aprili 2024 IBM ikatangaza inainunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4. Yule aliyerekebisha hitilafu saa nane usiku alipata nini? Jina lake kwa orodha ya GitHub.

Kilichonifurahisha ni kwamba watu walikataa. Walichukua msimbo uliokuwa bado MPL, wakaanzisha OpenTofu, na Septemba 2023 ikaingia chini ya Linux Foundation, mahali hakuna kampuni moja inaweza kuamka na kugeuza leseni kivyake.

Sasa huku Nairobi kila mtu anatuambia tuchangie programu huria, CV itang'aa. Mimi chuo niliacha, lakini hata mabeshte wangu waliomaliza hawakuwahi kufunzwa kusoma leseni. Kwa hivyo kabla utume hiyo kazi yako, fungua mkataba utafute nani anaweza kubadilisha leseni bila kukuuliza. Ukipata ni kampuni peke yake, waulize malipo ni ngapi.