Mkate Nao Una Kitoweo Chake

Mwezi huu tuzungumze juu ya mkate, chakula ambacho wengi wetu tunakinunua karibu kila siku bila kukifikiria sana.

Hakuna mama miongoni mwetu anayeweza kumtengea mgeni ugali mtupu. Hata nyumba yenye shida hutafuta mchicha, dagaa au maharage, maana ugali bila mboga haujawa chakula. Lakini mkate tunauonea. Tunautoa mfukoni, tunapaka siagi kidogo kama ipo, tunamimina chai ya rangi yenye sukari nyingi, kisha tunasema watoto wamekunywa chai. Na kweli, wamekunywa chai, kula bado.

Watu waliozoea mkate kwa karne nyingi huutendea kama sisi tunavyoutendea ugali. Wamisri huuita mkate wao aish, neno ambalo ni ndugu wa neno letu "kuishi". Asubuhi huula pamoja na ful, yaani maharage makubwa ya kwao, yaliyopikwa polepole kwa moto mdogo usiku kucha. Huyaponda, wakatia mafuta, bizari nyembamba na limau, na pembeni huweka nyanya na kitunguu. Ni chakula cha mtu wa kawaida, na mtu anakwenda kazini akiwa ameshiba hasa.

Ethiopia wana injera, mkate mpana na laini wenye uchachu, unaotengenezwa kwa nafaka ndogo sana iitwayo tefu. Uji wake huachwa siku kadhaa uchachuke ndipo umiminwe kwenye kikaango kipana. Mkate huo ndio sahani na ndio kijiko. Wakristo wa Kiorthodoksi wa huko hufunga Jumatano na Ijumaa, na kwa majuma mengi kabla ya Pasaka, bila kugusa nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo akina mama wao wamekuwa mabingwa wa dengu, njegere na mboga za majani. Mezani mtu humlisha mwenzake tonge kwa mkono wake, kuonyesha upendo. Kipande kilicho chini, kilicholowa mchuzi wote, ndicho kitamu kuliko vyote.

Hata Esau alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, Yakobo alimpa mkate na dengu (Mwanzo 25). Tumesikia mahubiri mengi juu ya ujinga wa Esau, lakini sijasikia hata moja linalomsifu mpishi.

Wala tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Ndugu zetu wa pwani hula mahamri kwa mbaazi za nazi, na chapati, tuliyojifunza kwa Wahindi, inapendana sana na maharage. Tatizo limekuja na mkate wa slesi. Huo tumeupokea peke yake, bila kitoweo chake.

Kwa nini jambo hili linanihangaisha? Kliniki tunapima damu za akina mama wajawazito. Damu ikiwa chini ya gramu 11 tunasema imepungua. Nikimwuliza mama asubuhi amekula nini, mara nyingi jibu ni chai na mkate. Sasa, ngano ina protini, lakini ina upungufu wa laisini, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina laisini tele, ila zina upungufu wa methionini, ambayo ngano inayo. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Tena mikunde hiyo ina madini ya chuma yanayojenga damu. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C ya limau, nyanya mbichi au chungwa hukisaidia kuingia. Chai, kinyume chake, hukizuia.

Basi usiende kununua nyama. Chukua maharage yaliyobaki jana usiku, yachemshe vizuri, yaponde kwa mwiko pamoja na kitunguu kilichokaangwa, kamulia limau, paka kwenye slesi kwa unene wa kidole. Weka na vipande vya nyanya. Yai moja lililokorogwa na nyanya na mchicha uliokatwa laini linatosha watoto wawili. Karanga zilizosagwa nazo ni nzuri sana, ila mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe karanga nzima, asije akapaliwa. Ile jamu nyekundu ya dukani mimi siihesabu kuwa kitoweo. Ni sukari juu ya sukari.

Chai siikatazi, maana najua mtanichukia. Lakini mtoto mdogo haihitaji. Kama maziwa yapo, mpe maziwa, na kama hayapo, maji safi. Wewe mwenyewe inywe kama saa moja hivi baada ya kula. Na mama mjamzito asimeze vidonge vyake vya kuongeza damu kwa chai. Ameze kwa maji, au kwa maji ya machungwa kama ni msimu wake.