Kinywa Nacho Kipimwe Kliniki

Katika zahanati za mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, mtoto anayeletwa kliniki huning'inizwa kwenye mizani, huchomwa chanjo, huandikiwa kadi, na mama huambiwa tarehe ya kurudi. Mdomo wake hufunguliwa pale tu anapodondoshewa matone, kama ya polio au ya vitamini A, kisha hufungwa bila mtu kutazama ndani. Nimefanya kazi ya uuguzi huko ziwani na huku juu Mbinga mpaka nilipostaafu, na utaratibu huo nauona haufai. Anayedondosha matone ameshika tayari kidevu cha mtoto. Anyanyue na mdomo wa juu, atazame meno na fizi. Ni kazi ya sekunde chache.

Hoja yangu imejengwa na watafiti wa nchi hii hii. Profesa Mecky Matee wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni daktari wa meno aliyeingia katika elimu ya vimelea na kinga ya mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake, akiwamo van Palenstein Helderman wa Uholanzi, walichunguza watoto wa Kitanzania wanaonyonya ambao meno yao ya mbele yalikuwa yameoza vibaya. Mwaka 1992 walichapisha matokeo kuhusu bakteria waliomo katika vinywa hivyo: streptokoki wa kundi la mutansi na laktobasili. Hawa hula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha jino.

Hawakuishia kwa bakteria. Waliona kwamba meno mengi yaliyooza yalikuwa na mstari wa hitilafu kwenye gamba lake gumu, alama ya jino lililojengwa wakati mwili wa mtoto uko katika shida, karibu na siku za kuzaliwa kwake. Waliona pia kwamba mtoto anayelala usiku na chuchu mdomoni yuko katika hatari zaidi. Kwa hiyo jino linalooza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu huenda lilianza kudhoofika kabla halijaota, na chanzo kikawa afya ya mama na mtoto wakati ule.

Natamani akina mama wote wa Liuli na Lituhi wangelisikia hilo. Wengi waliniuliza, "Sista, huyu hata soda haijui, mbona meno yameisha? Nimemkosea nini?" Mama hajakosea. Kinywa kina kinga yake. Mate, ambayo mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, yana kingamwili zinazowazuia bakteria kujishikiza kwenye jino, yana protini zinazowaua baadhi yao, na huisuuza asidi. Kwenye ukingo wa fizi, chembe nyeupe za damu hupenya usiku na mchana kupambana na vimelea. Lakini mtu akilala, mate hupungua sana. Maziwa yakibaki juu ya jino lenye mstari dhaifu wakati mate ni machache, bakteria hupata nafasi. Simwambii mama yeyote amwachishe mtoto ziwa, maana maziwa yale nayo yana kingamwili ambazo hakuna kopo linaloweza kuzitoa. Namwambia amtoe mtoto chuchu akishasinzia, na meno yakianza kuota ayafute kila jioni kwa kitambaa safi chenye maji.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni mswaki tu, na kwamba watu wetu ni wavivu wa kupiga mswaki. Usafi ni lazima, nami nimeuhimiza maisha yangu yote. Ila vibarua wa chai wa Sri Lanka wanatufundisha zaidi. Kuanzia mwaka 1970, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai kwa miaka 15. Hawakuwa na mswaki wala daktari wa meno. Wote walikuwa na ukoga mwingi, na fizi za wote zilikuwa zimevimba. Hata hivyo asilimia 8 waliharibikiwa haraka na kupoteza meno wakiwa bado na nguvu za kazi, asilimia 81 waliharibikiwa polepole, na asilimia 11 ugonjwa haukuvuka fizi. Ukoga ulikuwa kwa wote, lakini miili haikuupokea kwa namna moja. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anayeng'oka meno akiwa na miaka arobaini anastahili kuchunguzwa, pamoja na sukari ya damu yake, ambayo nayo hubadilisha namna mwili unavyoupokea ukoga, kabla ya kuitwa mchafu.

Baada ya meno ya watoto na fizi, jambo la tatu ni zito kuliko yote kwa watu wa ziwani. Mwaka 2000, Matee pamoja na wenzake Scheutz na Moshy walichapisha utafiti uliolinganisha dalili za mdomoni na hali ya kinga kwa watu wazima wa Tanzania wenye VVU. Utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi na kaakaa huonekana zaidi kinga ikiwa imeshuka. Mvuvi mwenye utando huo, anayehama kambi kufuata samaki aina ya usipa, huja zahanati akilalamika koo linawaka, hupewa dawa ya kusukutua na kurudi majini. Utando huo una sababu nyingine pia, kama vile kutumia antibiotiki kwa muda mrefu, kwa hiyo asihukumiwe mtu kwa ulimi wake. Lakini ashauriwe kupima VVU siku hiyo hiyo, kwa sababu akirudi kambini huenda asionekane tena kwa miezi.

Na palipo na pengo la huduma, huingia mwingine. Mtoto mwenye homa na kuharisha hupelekwa kwa mtu anayemchokoa fizi kuondoa "meno ya plastiki" yanayodaiwa kuleta ugonjwa huo. Anachokiondoa ni jino changa la kawaida, kwa chombo kisichochemshwa, wakati malaria au kuharisha kunaendelea kumla mtoto. Lami sasa imefika Mbamba Bay, na biskuti na soda zimefika nayo. Tabibu wa meno naye hana budi kufika, na asije na ganzi na koleo peke yake.

Nawaomba waganga wakuu wa wilaya za Mbinga na Nyasa wawape wauguzi wa kliniki tochi na mafunzo ya siku moja. Nawaomba watafiti wa Muhimbili waje wachukue mate ya watoto wa wala muhogo na samaki huko ziwani, na ya watoto wa wala mahindi huku milimani, na majibu wayarudishe vijijini. Nawe mama unayesoma, leo jioni mnyanyue mwanao mdomo wa juu. Ukiona mstari mweupe uliofifia karibu na fizi, mpeleke hospitali mapema, kabla shimo halijatokea.