Goma: Habari inasomwa, macho yako kwenye gauni

Mjini Goma, mwanamke anayekaa mbele ya kamera kusoma habari anafanyiwa mitihani miwili. Wa kwanza ni wa kila mwandishi habari: je, habari ni ya kweli, jina la kijiji limetamkwa sawa, pande zote zimepewa nafasi ya kusema? Wa pili ni wake peke yake: nywele zimekaaje, gauni limefika wapi, amenenepa ama amekonda, ameolewa ama bado. Mwanamume anayekalia kiti kilekile kesho yake anafanya mtihani ule wa kwanza tu. Akirudia shati la juma lililopita, hakuna anayekumbuka.

Wengi wanalichukua jambo hili kama utani wa mtaani. Lakini kwa anayetaniwa lina gharama ya pesa na ya jina, na ni sababu mojawapo inayofanya wasichana wenye uwezo wakatae kuonekana kwenye kioo, wabaki kwenye redio au waache kabisa kazi ya habari. Mji ambao umepitia vita, wakimbizi na volkano kama Goma unahitaji kila mtu anayejua kuuliza swali. Kumpoteza mmoja kwa sababu ya kitambaa ni hasara ya raia wote.

Siku hizi televisheni ya Goma haitazamwi sebuleni tu. Umeme ukikatika, habari inafuatwa kwenye simu, kwa vipande vinavyotumwa WhatsApp na Facebook. Hapo ndipo tatizo linaonekana wazi. Kipande kinaweza kuwa juu ya bei ya maharagwe kwenye soko la Virunga, au juu ya barabara ya Sake. Kama aliyesoma ni mwanamume, wasomaji wanabishana juu ya maharagwe na barabara. Kama ni mwanamke, maneno yanageuka haraka: kwa nini hajasuka, nguo inambana, nani anamvalisha huyu? Mpaka mwisho wa mazungumzo, bei ya maharagwe imesahauliwa.

Gauni linalipwa na nani?

Swali hilo la "nani anamvalisha" linastahili kujibiwa, kwa sababu ndani yake mna unafiki mkubwa. Kila anayejua kazi ya habari katika Kongo anajua kwamba vituo vingi ni maskini na mishahara ni midogo, ikiwa ipo. Waandishi wengi, wanaume kwa wanawake, wanaishi kwa ile pesa ya usafiri inayotolewa na wenye mikutano, ambayo katika kazi hii inaitwa coupage. Sasa, kutoka pesa hiyohiyo, mwanamke anatakiwa anunue kikwembe kizuri, amlipe fundi wa kushona libaya, anunue meshi, amlipe msusi, kisha arudie tena baada ya majuma machache, maana watazamaji "wamechoka kuona msuko uleule." Mwenzake wa kiume anapiga pasi koti lake moja na anatoka.

Hapo ndipo mtego unapofunga. Akivaa kwa uwezo wake mdogo, anaambiwa anaaibisha kituo. Akijitahidi akavaa vizuri, anaambiwa lazima kuna mwanasiasa au mfanyabiashara anayelipa. Njia zote mbili zinaishia kwenye heshima yake, na hakuna hata moja inayopitia kazi yake. Tena wanaouliza swali hilo kwa sauti kubwa hawajamuuliza mwenye kituo kwa nini anadai mtangazaji apendeze na hatoi hata dola moja ya nguo.

Kuna upande mwingine ambao mtazamaji haufikirii. Goma si mji wa kutembea na viatu virefu. Mawe meusi ya volkano yako kila mahali. Vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na moto wake ukashuka mpaka Buhene, waandishi habari walitembea kwenye mawe yaliyokuwa bado na joto. Katika kambi za wakimbizi za Bulengo na Kanyaruchinya, kazi ilifanywa kati ya matope na mahema. Suruali na buti ndizo nguo za kazi hiyo. Lakini mwanamke akionekana kwenye kioo na suruali na buti, watu wanasema amejifanya mwanamume. Ndiyo maana wengine wanabeba nguo mbili katika mkoba: moja ya kutafuta habari, nyingine ya kuisoma.

Amri ya Mobutu ambayo haijaisha

Tabia hii ina historia. Wakati wa siasa ya "authenticité", kuanzia miaka ya 1970, Mobutu aliamua kila raia wa Zaire avae nini. Wanaume walikatazwa suti na tai, wakavalishwa abacost. Wanawake walikatazwa suruali na minijupu, wakaambiwa kikwembe ndilo vazi la mwanamke wa Zaire. Televisheni ya taifa ilikuwa kioo cha siasa hiyo: habari ya jioni ilianza na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, na yeyote aliyesoma habari alivaa kama alivyoagizwa.

Kwa haki, ni lazima kukubali kwamba amri ile iliwabana wote, wanaume na wanawake. Lakini tazama namna ilivyoisha. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliruhusu pia suti na tai zirudi. Wanaume walizirudia, na leo hakuna mzee anayemkemea kijana kwa kufunga tai. Kwa wanawake haikuwa hivyo. Mwaka 1997, askari wa AFDL walipoingia Kinshasa, wanawake waliokutwa na suruali za kubana au nguo fupi walipigwa barabarani, miaka saba baada ya wanaume kurudishiwa tai zao. Serikali zimebadilika, jina la nchi limebadilika, na bado mwili wa mwanamke unachukuliwa kama mali ya umma ambayo kila mpita njia ana haki ya kuitolea amri.

Ndiyo sababu maneno ya chini ya video hayapaswi kuitwa "maoni" tu. Ni amri ileile ya zamani, isipokuwa sasa kila mtu mwenye simu anajiona askari wa kuisimamia.

Majirani nao hawajapona

Goma haiko peke yake. Tanzania, mwezi Juni 2021, mbunge Condester Sichalwe alitolewa nje ya Bunge la Dodoma baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamika juu ya suruali yake. Alichokuja kukisema siku ile kwa niaba ya watu wa Momba hakikuvuma. Iliyovuma ni suruali. Uganda, mwaka 2014, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa sahihi, watu waliigeuza kuwa ruhusa ya kuwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi, na ilibidi kungoja mpaka 2021 ndipo Mahakama ya Katiba ikafuta vipengele vyake muhimu. Nairobi, mwezi Novemba 2014, wanawake walivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume. Tarehe 17 mwezi huo, mamia ya wanawake waliandamana mjini kusema kwamba mwenye kuchagua nguo ni mwenye kuzivaa.

Mwezi huohuo wa Novemba 2014, mbali sana na hapa, mtangazaji wa televisheni ya Australia, Karl Stefanovic, alitoboa siri. Kwa mwaka mzima alikuwa amevaa suti ileile ya buluu karibu kila asubuhi mbele ya watazamaji. Hakuna aliyeandika barua. Hakuna aliyegundua. Wakati wote huo, mwanamke aliyekaa karibu naye kwenye kipindi, Lisa Wilkinson, alikuwa akipokea malalamiko juu ya nguo zake. Stefanovic alifanya hivyo kwa makusudi, kuonyesha kwamba yeye anapimwa kwa kazi na mwenzake anapimwa kwa mavazi. Jaribio hilo halihitaji pesa. Mtangazaji yeyote wa kiume wa Goma anaweza kulirudia kuanzia Jumatatu, na jibu linajulikana tangu sasa.

Sauti bila uso

Kivu ina ushahidi wake wa kile ambacho wanawake wanaweza kufanya wanaposikilizwa. Caddy Adzuba, wa Radio Okapi Bukavu, alipewa tuzo ya Prince of Asturias ya Hispania mwaka 2014 kwa kazi yake juu ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono katika vita. Chouchou Namegabe, naye wa Kivu ya Kusini, alipata tuzo ya Knight ya uandishi wa kimataifa mwaka 2009 baada ya kuwapa akina mama hao nafasi ya kusimulia wenyewe redioni. Wote wawili walijulikana kwa sauti. Wasikilizaji wa Kivu waliwafuata bila kujua siku ile wamevaa kikwembe gani.

Si kwamba redio ni mahali salama. Adzuba alitishiwa kuuawa kwa sababu ya alichokisema. Lakini hata vitisho vile vilikuwa juu ya kazi yake. Mwanamke wa televisheni anabeba hatari hiyohiyo ya kusema ukweli katika nchi ya vita, kisha anaongezewa hatari ya pili kwa kuonekana tu.

Na hasara inawafikia hata wale wasiotazama televisheni. Mama aliyebakwa karibu na Sake hasemi mbele ya kila mtu. Mara nyingi anaongea akimpata mwanamke mwenzake. Wanawake wakipungua katika kazi, habari kama hiyo inapotea. Tayari ni chache. Utafiti mkubwa wa dunia juu ya vyombo vya habari, ule wa GMMP wa mwaka 2020, ulikuta kwamba kati ya watu wanaoonekana, kusikika au kutajwa katika habari, wanawake walikuwa asilimia 25 tu.

Na heshima je?

Wapo wazazi na viongozi wa dini watakaojibu kwamba televisheni inaingia nyumbani mwa watu, watoto wanatazama, na heshima ya mavazi ni mila nzuri. Wana haki ya kulisema. Hakuna anayedai habari isomwe na mtu aliyevaa nguo za kuogelea ziwani Kivu. Lakini kanuni ya heshima ina masharti yake. Iandikwe, ili ijulikane kabla ya kosa. Iwe moja kwa wanaume na wanawake. Isimamiwe na mkuu wa habari, ofisini, kwa adabu, wala isiachiwe umati wa kwenye simu. Tena heshima haihusiki na uzito wa mtu, umri wake, rangi ya ngozi yake au kama ana mume. Anayechanganya hayo na mila anatafuta kisingizio.

Zipo pia kazi ambazo wahusika wanaweza kuanza bila kungoja msaada wa nje. Wenye vituo wanaotaka sura ya kituo ipendeze wanunue wenyewe vikwembe vya kituo, walipe fundi, wawavalishe wanaume na wanawake sare moja. Mafundi wa Goma hawashindwi, na sare inanyamazisha swali la nani amelipa. Wanaosimamia kurasa za vituo wafute matusi badala ya kuyafurahia kwa sababu yanaongeza watazamaji. Wakuu wa habari wampe mwanamke siasa, usalama na uchumi, wasimwekee burudani na matangazo ya biashara tu. Na mashirika kama UCOFEM, muungano wa wanawake wa vyombo vya habari wa Kongo, yasaidiwe kuwafundisha waandishi chipukizi namna ya kutunza ushahidi wa matusi na vitisho.

Sheria haikosekani. Katiba, katika kifungu cha 14, inaagiza serikali iondoe kila ubaguzi dhidi ya mwanamke. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za mwanamke na usawa inarudia jambo hilo. Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inaadhibu unyanyasaji wa mitandaoni. Lakini karatasi haziendi zenyewe mahakamani, na katika hali ya mji huu tangu Januari 2025, anayetukanwa hajui hata apeleke mashtaka yake wapi. Kwa hiyo kwa sasa ulinzi wa kwanza ni wenzake wa kazi na watazamaji.

Wenzake wa kiume wana nafasi kubwa hapa, kwa sababu wao wanasikilizwa bila kupimwa. Utani wa mavazi ukianza katika chumba cha habari, mmoja wao akiukata, unakufa. Akicheka, unatoka nje na kuwa jina la mtu mjini.

Mtazamaji naye ana kazi ndogo. Kabla ya kuandika neno chini ya video, ajiulize kama angemwandikia neno hilo mwanamume aliyesoma habari ileile. Kama jibu ni hapana, aliache, aandike juu ya barabara ya Sake. Barabara hiyo bado inahitaji watu wa kuiulizia.